Kiingereza cha Baba Dorcelle

Mume wangu anaitwa Edmond, lakini mtaani kwetu Hewa Bora wengi wanamjua kwa jina la Monsieur Get. Jina hilo alipewa na watoto wa barabara yetu, na mpaka leo akipita kwenda kazini bado wanamwita hivyo. Yeye anawapungia mkono. Mimi ndiye ninayeangalia chini.

Si mtu mbaya. Naliweka hilo mbele, maana haya nitakayoeleza yanaweza kumfanya mtu amhukumu upesi. Baba yake alitoka Kongolo akaja kufanya kazi ya reli, na Edmond alikulia katika nyumba za wafanyakazi, ambamo jirani akikohoa unamjua ni nani. Alisoma sekondari, lakini hakumaliza. Sasa anatunza depo, yaani ghala, ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo anayeuza unga, sukari na mafuta kwa jumla. Shati lake analipiga pasi mwenyewe, kwa sababu anasema mimi sijui kola. Hata masika, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu, anatoka na viatu vinavyong'aa na kitambaa cha kuvifutia mfukoni. Kitu kimoja tu anakiogopa kuliko ugonjwa: kuchekwa.

Basi ilitokea akachekwa, tena mpakani Kasumbalesa, mbele yangu.

Binti yetu Dorcelle anauza vitenge. Kwa kwenda na kurudi mpakani alifahamiana na kijana mmoja wa upande wa Zambia, Lombe, fundi wa malori. Walipendana mwaka mzima kwa simu, mimi nikisikiliza nyuma ya pazia, ni wajibu wangu. Walikuwa wakichanganya Kibemba na Kiswahili na kucheka sana. Kijana alipotaka kuleta mambo kwa utaratibu, baba yake, ambaye alikuwa mkuu wa shule kule Kitwe kabla ya kustaafu, aliomba kwanza amwone Edmond uso kwa uso, wasalimiane tu, kabla ya kumtuma mshenga. Walikubaliana kukutana mpakani.

Edmond alivaa tai. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka macho hayafiki, na vumbi lile jekundu lilikuwa limeshakula viatu vyake kabla hatujafika. Yule baba akaja, mtu mrefu mwenye mvi, akanyoosha mkono na kusema maneno marefu ya Kiingereza kwa sauti nzuri, kama mtu asomaye kanisani. Mwishoni sauti ikapanda. Lilikuwa swali.

Edmond akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Karibu yetu alikuwa ameketi mbadilisha pesa, noti zake zimefungwa kwa mipira juu ya meza ndogo. Akasema kwa nguvu, kila mtu asikie: «Ee Papa, banakuuliza! Ao ulikuya tu kuangalia malori?»

Madereva wakacheka. Yule mzee hakucheka. Alitabasamu, akajaribu tena kwa upole, «Mwapoleni mukwai,» ambayo ni salamu ya Kibemba, na hata mimi ningeweza kuiitikia. Lakini Edmond alikuwa ameshainamisha kichwa, anatazama viatu vyake, masikio yamewaka. Hakusikia tena lugha yoyote. Njia nzima ya kurudi alikuwa akivifuta viatu vile. Alivifuta hata vilipokuwa vimeshatakata.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa mwalimu Donat.

Donat anafundisha Kiingereza jioni katika ukumbi nyuma ya parokia. Wanafunzi wake ni vijana wanaotafuta kazi kwenye migodi na mama wachache wanaokwenda Dubai kununua bidhaa. Edmond alikuwa mzee kuliko wote, alikaa mbele kabisa, tai shingoni. Donat alipoelezwa kwamba wageni watakuja kabla mvua hazijaisha, alimwambia hivi: hakuna muda wa kujifunza Kiingereza kizima, lakini kipo kitenzi kimoja ambacho Waingereza wanakituma kila mahali. Ukikishika hicho, utavuka. Kitenzi chenyewe ni get.

Hapo ndipo get ilipoingia nyumbani kwetu, na haikutoka tena.

Asubuhi Edmond aligonga mlango wa watoto: «Get up!» Maana yake, amkeni. Akiona mtoto amepanda ukuta: «Get down!» Maana yake, shuka. Mbwa wa jirani akiingia uani, get out. Akitaka mtu aingie, get in. Nilimwuliza kama basi maana yake ni kwenda. Akasema hapana, maana yake ni kupata. Get rice, kupata mchele. Lakini pia ni kuchukua, na pia kuleta, na pia kufika, kwa kuwa get home ni kufika nyumbani. Mtu akianza kuugua, get sick. Akizeeka, get old. Akielewa jambo, anasema I get it. Akipotea, get lost, ingawa hilo, alisema Donat, usimwambie mgeni, kwani ukimtupia mtu linakuwa tusi.

«Na kuolewa?» akauliza Dorcelle kutoka jikoni.

«Get married,» akasema baba yake, na akainua kidole kama vile yeye ndiye aliyeibuni. «Unaona? Hata ndoa yako iko mule ndani.»

Kusema kweli mimi kitenzi kile kilinitia huruma. Sisi kila kazi ina neno lake, nalo linafanya kazi yake na kulala. Lile la Waingereza lilikuwa kama yule mtoto mmoja katika nyumba ya watu wengi: lete chumvi, peleka maji, washa makaa, mwite jirani. Na mwenye kumtuma alikuwa mume wangu. Alilituma usiku na mchana, hata wahudumu wa depo wakaanza kumjibu, «Yes, patron, get sukari!» na yeye akadhani wanamsifu. Watoto wa barabarani hawakukawia. Siku moja alisimama mlangoni akamfukuza mbuzi kwa Kiingereza, na tangu siku ile akawa Monsieur Get.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mama mdogo Mutale.

Huyu ni mdogo wa marehemu mama yangu. Mama alipofariki, Mutale alikuja kuishi nasi, kwenye chumba cha nyuma. Wao ni watu wa upande wa Sakania, mpaka uko mlangoni kwao, na Kibemba ndiyo lugha aliyonyonya. Anauza samaki wakavu wa Kasenga mbele ya ua wetu, ameketi juu ya kigoda chake kifupi cha mti, kanga kiunoni, mdomo haukai kimya. Watoto wangu wanamwita nkambo, yaani bibi. Kwa Edmond yeye ni mama mkwe, na kwa desturi zetu zote, za kwao na za kwetu, mkwe hapiti mbele ya mama mkwe hivihivi. Anapita pembeni na kuinama.

«Mama Dorcelle,» aliniambia siku moja, akipanga samaki zake, «ile neno moja ndiyo inafanya kazi yote ile?»

«Ndiyo, mama.»

«Na haichoki?» Akacheka mpaka akashika mbavu. «Bazungu ni bavivu, kweli. Hata neno banaikosa huruma.»

Edmond alisikia. Alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Nilimwona masikio yakiwaka tena kama yalivyowaka Kasumbalesa. Mimi ni mtu wa kuangalia masikio ya watu. Yananiambia mapema.

Siku ya wageni ilipokaribia, Dorcelle alijaribu kumweleza baba yake. Alimpelekea chai, akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti ya chini: «Papa, kwabo Lombe, ku nyumba, banasema Kibemba. Hata papa yake. Nkambo angeweza kubapokea.»

«Kibemba ni ya soko,» akajibu Edmond.

«Papa, hapana, kule...»

«Muntu alikuwa mukubwa wa masomo. Atoke Kitwe, afike kwangu, nimupokee na luga ya samaki? Banicheke mara ya pili?»

Dorcelle akanitazama. Nilitazama kikombe. Tangu tuoane nimejifunza kwamba ukimgusa Edmond mahali pale penye haya, anafunga kama mlango wa depo saa za kufunga, na funguo anaondoka nazo. Kwa hiyo nikamwongezea chai. Edmond aliamua pia kwamba hatatafuta msemaji. Kwa kawaida baba wa binti haongei, anasemewa na ndugu mwenye ulimi. Yeye akasema ataongea mwenyewe. Alikuwa na get.

Jumamosi, siku moja kabla ya wageni, alifanya jambo ambalo sikulitegemea hata kwake. Mutale alikuwa kwenye kigoda, nje. Edmond alisimama mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, akasema akiangalia ukuta:

«Mama, kesho tutakuwa na bageni bakubwa. Salon ni ndogo. Na ile harufu ya samaki... Naomba ukae kwa Geneviève mupaka bamalize. Atakupikia.»

Geneviève ni jirani yetu. Kati ya nyua zetu upo ukuta wa matofali uliobomoka katikati, mtu anaweza kuona ng'ambo hadi kwenye sufuria.

Mutale alimtazama, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya kikapu. Kisha akainuka, akajifunga kanga upya. Edmond akaokota kile kigoda, akakibeba mwenyewe, akakipitisha pale ukuta ulipobomoka, akakiweka kwa Geneviève kando ya jiko. Alikiweka vizuri, akakijaribu kama hakiyumbi. Nafikiri alidhani hiyo ni heshima.

Barabara nzima iliona. Nilisikia haya mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nikachukua ufagio, nikafagia mahali palipokuwa safi.

Jumapili walikuja baada ya misa ya pili. Walikuwa watatu: baba yake Lombe, dada wa baba huyo, na mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya kahawia, jina lake Chola. Huyo ndiye mshenga. Lombe mwenyewe hakuwepo, kwao kijana haji siku hiyo. Dorcelle naye alikuwa chumbani, hatoki mpaka aitwe.

«Get in, get in!» akasema Edmond mlangoni, na nikaona kweli wanaingia. Akaonyesha viti: «Get chair.» Wakakaa. Akaniangalia kwa jicho la ushindi. Watoto wa barabara walikuwa wamejaa dirishani. Mimi nilikaa kwenye mkeka kando ya mlango, na kwa mara ya kwanza nilipumua.

Baba yake Lombe akasimama. Alitoa miwani, akakohoa, halafu, maskini, akasema kwa Kifaransa: «Mes parents, bonjour. Nous venons... nous venons...» Akakwama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Naye alikuwa amejifunza. Pengine naye alikuwa na mwalimu wake kule Kitwe, jioni, nyuma ya kanisa fulani. Watu wazima wawili, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja anazama katika lugha aliyodhani ni ya mwenzake, na pale katikati ya chumba hakuna kitu ila soda zinazopoteza baridi.

Chola akaona hali. Akainuka bila neno. Kutoka kwenye mfuko alitoa sahani mbili nyeupe, moja imefunika nyingine, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Akapiga magoti, akaziweka mbele ya miguu ya Edmond, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa. Kisha akarudi kitini, akaangalia sakafu. Wote watatu wakaangalia sakafu.

Edmond akanitazama. Mimi sikujua. Tulioana kwa taratibu za kikwao, mbuzi na jembe na wajomba kubishana, sahani sikuwahi kuiona. Yeye akafikiri, na fikira yake ilikuwa ya adabu, naapa: wageni wamebeba chakula chao, na kwetu mwenyeji hagusi chakula kabla ya mgeni. Akaziinua zile sahani kwa mikono miwili, akatembea hadi kwa Chola, akainama, akamrudishia mapajani, zikiwa zimefunikwa vilevile.

«No, no,» akasema akitabasamu. «You get first. Get, get.»

Wageni wakainua macho kutoka sakafuni.

Chola alizitazama sahani. Akamgeukia baba yake Lombe, akasema neno moja tu, polepole: «Nabakaana.»

Neno hilo nilikuwa nalijua. Mama yangu alikuwa akinisema nalo nilipokuwa mdogo na kukataa uji. Wamekataa. Ndipo nikaelewa zile sahani ni nini.

Chola akavaa kofia, akazibeba sahani. Yule shangazi akaokota mkoba wake, amekunja midomo, machozi karibu. Baba yake Lombe alimpa Edmond mkono, kwa adabu ileile ya Kasumbalesa, nao wakatoka. Edmond alibaki amesimama na tabasamu lake, linashuka upande mmoja.

«Banaenda wapi? Wali bado...»

«Umewakatalia,» nikamwambia.

«Nimekataa nini? Nimebaheshimu!»

«Ile sahani ndiyo posa, Edmond. Umeirudisha imefunikwa. Umewaambia binti yetu hatumtoi.»

Kutoka chumbani tulisikia kitu kikianguka. Dorcelle alikuwa amesikia. Hakulia kwa sauti, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

«Basi nibaambie,» akasema Edmond. «Nibaambie...» Na nikaona midomo yake inalitafuta lile neno lake, inaligeuza huku na huku, nalo mara hii halina pa kutumwa.

«Nenda kamwite mama,» nikasema. «Upesi.»

Mimi mwenyewe nilikimbilia mlango wa ua. Wageni walikuwa wanafika kwenye gari. Sikuwa na maneno ya kuwasimamisha, Kibemba changu ni cha uji na cha kuitwa kuoga. Basi nikapiga magoti pale pale mlangoni, kwenye udongo, kitenge changu kipya na vyote, nikakunja viganja, nikapiga makofi kama mama alivyokuwa akipiga mbele ya wakubwa. Mwanamke aliyepiga magoti harukwi. Wakasimama. Sikuinua uso. Nilikuwa naona viatu vyao tu, na miguu ya watoto wa barabara nzima ikija kutazama.

Kutoka pale niliweza kuona, kupitia ule ukuta uliobomoka, kwa Geneviève.

Mutale alikuwa kwenye kigoda chake kando ya jiko. Lakini alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, kilemba kimefungwa, shanga shingoni. Tangu asubuhi alikuwa amevaa hivyo, Geneviève aliniambia baadaye. Alikuwa amekaa amejiandaa, na hakuna aliyemwita.

Edmond akafika mbele yake na tai yake. Mmoja wa watoto akapiga kelele, «Monsieur Get!» na wengine wakaitikia. Yeye hakugeuka.

«Mama,» akasema, «tuende ku nyumba.»

«Miye?» akasema Mutale kwa sauti ya kusikika hadi kona. «Miye niko na harufu.»

«Mama, nakuomba.»

«Niombe na ile Kiingereza yako. Ile neno inafanya kila kitu. Itume, ikuye kuniita.»

Nikaona Edmond akishika magoti ya suruali yake, ile aliyoipiga pasi mwenyewe alfajiri, akaivuta juu kidogo kama afanyavyo asiharibu mkunjo, halafu akaiacha. Akapiga magoti kwenye majivu ya jiko la Geneviève. Kichwa chake kikawa chini ya magoti ya Mutale. Alichosema pale sikukisikia. Geneviève alikisikia na hajawahi kunieleza, ingawa yeye ni mtu wa kueleza kila kitu.

Mutale akainuka. Edmond akachukua kigoda, akakibeba, safari hii akitembea nyuma yake.

Alipovuka tu ukuta, Mutale alianza kuongea, kwa Kibemba, kwa sauti ya sokoni. Nilishika nusu, na nusu nyingine Dorcelle alinieleza baadaye.

«Mwapoleni mukwai! Nyinyi mnakwenda wapi na njaa? We mzee mwenye kofia, uko wa ukoo gani?»

Chola alivua kofia. Akasema yeye ni wa ukoo wa Mamba.

Mutale akapiga mikono. «Mamba! Ndiyo maana! Mimi ni wa ukoo wa Samaki. Tangu lini mamba akaja kwa samaki akaondoka amekasirika? Wewe umezoea kutumeza, leo umeshindwa hata kungoja nivae? Rudi ndani, meno yako mabaya hayo.»

Kwao ukoo wa Mamba na ukoo wa Samaki ni watani. Wanatukanana hata msibani, na mtani haruhusiwi kununa. Nilimwona Chola akipambana na uso wake. Alitaka kubaki na hasira lakini desturi ilikuwa imemshika shavu. Akasema, «Samaki mwenyewe amekauka, nitamla vipi?» na yule shangazi akacheka ghafla, mkono mdomoni, na machozi yale yaliyokuwa yamengoja yakamtoka hapohapo.

«Na hii sahani mnaipeleka wapi?» Mutale akaendelea. «Mkwe wangu huyu hakukataa. Mkwe wangu ana heshima kuliko wenu wote. Aliwaambia mngoje, mshike kwanza, kwa sababu mwenye kuifungua ni mimi, na mimi nilikuwa kwa jirani naangalia mgonjwa. Angefunguaje posa mkubwa wa nyumba hayupo? Kwenu ndivyo wanavyofanya?»

Yalikuwa uongo yote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chola alimtazama Edmond, majivu kwenye magoti, kigoda mikononi. Sijui kama aliamini. Ila aliinamisha kichwa kwake, akasema wamekosa, wao ndio wameharakisha.

Wakarudi ndani. Mutale alipiga magoti, akazipokea sahani, akafunua. Ndani kulikuwa na ushanga mweupe juu ya pamba. Akapiga vigelegele, Geneviève akamwitikia kutoka ng'ambo, Dorcelle akaitwa, akaja na macho mekundu, akaulizwa kama anawajua watu hawa, akasema anawajua. Baba yake Lombe aliongea Kibemba saa nzima, amevua koti, mtu mwingine kabisa. Kumbe ni mcheshi.

Edmond alikaa kwenye pembe ya kiti. Hakula. Aliniuliza kwa kuninong'oneza, «Mama alibaambia nini pale inje?»

Nikamwambia. Neno kwa neno, kadiri nilivyoshika: mkwe mwenye heshima, mkubwa wa nyumba aliyengojwa.

Alitoa kile kitambaa cha viatu mfukoni, nikadhani anataka kufuta majivu kwenye suruali. Akakishika tu, akakikunja, akakirudisha.

Ndoa itakuwa baada ya Pasaka. Mwalimu Donat alipita juzi kuuliza kama waendelee na kitenzi kingine, kipo kimoja, anasema, kinafanya kazi karibu sawa na get. Edmond alimshukuru, akampa soda, akamsindikiza mpaka kona. Sasa jioni anakaa nje na Dorcelle, anajifunza kuitikia salamu za Kibemba. Hajui, anakosea, na watoto wa barabara wanasikiliza. Anaendelea.

Siku ileile ya wageni, walipoondoka, Edmond alikiweka kile kigoda sebuleni, mahali pazuri, karibu na picha ya Bikira Maria. Alikifuta kwa mikono yake. Mutale alimshukuru. Anamsalimu vizuri, anakula anachopikiwa, anafanya mzaha kama kawaida. Lakini sebuleni hajaingia tena. Amenunua kigoda kingine sokoni, cha plastiki, na ndicho anachokalia mbele ya samaki zake. Kile cha mti bado kipo pale karibu na picha, na kwetu hakuna anayekikalia. Edmond akitoka asubuhi anapita mbele ya mama mkwe wake kwa pembeni, ameinama, na anakaa ameinama hivyo mpaka afike barabarani.